Shule za Serikali Dar es Salaam: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Kila Mwaka

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza ukikaribia, kuanzia Oktoba hivi, maswali ni yaleyale: kwenye makundi ya WhatsApp, vibarazani, kwenye foleni ya ofisi ya serikali ya mtaa. Hapa nimekusanya yanayojirudia zaidi, na majibu ninayoyatoa kama mzazi ambaye watoto wake wamesoma Kayumba, yaani shule za kawaida za serikali, na ambaye amewahi kukaa kwenye kamati ya shule. Yanahusu Dar es Salaam tu. Mkoani mambo ni mengine.

Kweli shule za serikali za Dar ni mbovu kama watu wanavyosema?

Inategemea unaizungumzia ipi. Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ile Ilala iliyopandishwa hadhi Februari 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ukiwa ndani ya halmashauri moja unaweza kuanzia Upanga, kwenye shule yenye miti, uzio na walimu wa kutosha, ukaishia Chanika ambako darasa moja lina watoto wa kujaza mabasi mawili. Zote ni shule za serikali, walimu wanalipwa kwa viwango vilevile na vitabu vinatoka Taasisi ya Elimu hiyohiyo.

Shule nyingi za katikati zilijengwa kwa ajili ya familia ambazo zimeshahama. Nyumba zimekuwa maofisi na maduka, shule zimebaki. Watu wenyewe wamekwenda pembezoni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ongezeko la watu milioni moja halikwenda Upanga. Lilikwenda Mbagala, Chamazi, Kivule, Msongola, Goba, Kibamba, kwenye viwanja vilivyokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho juzijuzi tu. Huko mtu hujenga kwanza, barabara ikafuata, umeme ukafuata, na shule ikaja mwisho, wakati watoto wameshakuwa wengi kuliko madarasa yaliyochorwa kwenye ramani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "shule za serikali hazifai", muulize anakaa wapi.

Kwa nini madarasa yamejaa hivi?

Mbali na hilo la watu kuhamia pembezoni, kuna mawimbi mawili. La kwanza lilikuja na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, ada ya shule za msingi ilipofutwa. La pili lilikuja Januari 2016 na elimu bila malipo, awali hadi kidato cha nne. Mara zote mbili watoto waliokuwa nyumbani walitokea kwa wingi, na hilo ni jambo jema. Madarasa na walimu ndio hawakutokea kwa kasi ileile.

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na 25 kwa awali. Shule nyingi za pembezoni hazijawahi kuiona namba hiyo. Huko wanapeana zamu: wengine asubuhi, wengine mchana, na anayeingia mchana anafika akiwa ameshacheza juani nusu siku. Mwalimu anamfundisha mtoto anayesinzia.

Tusiseme hakuna kilichofanyika. Kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kuanzia mwishoni mwa 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi za msingi (shule ndogo zinazoegemea shule mama). Dar, kwa kuwa viwanja havipo, baadhi ya madarasa yakapanda ghorofa. Ukiyatazama hayo madarasa utaona yamejengwa vizuri. Lakini gawio la 12,000 kwa 3,000 linaonyesha wazi kwamba msongamano wa darasa la kwanza na la pili haukuwa ndio uliolengwa, wakati kwa maoni yangu huko ndiko mtoto anakopotea.

Elimu ni bure, mbona kila wiki naombwa hela?

Twende na hesabu. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Shule yenye wanafunzi 1,500 inapata milioni tisa kwa mwaka, yaani laki saba na nusu kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na makaratasi ya ofisini. Bili ya maji ya vyoo vya watoto 1,500 unaijua mwenyewe, na mlinzi naye anataka kula.

Hapo ndipo inapoanza ile "mchango wa mlinzi", "hela ya pepa", "hela ya maji". Waraka wa elimu wa 2016 haukufuta kuchangia. Ulichofuta ni ada na michango ya lazima. Mzazi amebakiwa na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mwanawe na chakula cha mchana kama watakubaliana. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, kisha ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, si kwa mwalimu.

Kwa lugha nyepesi:

Mchango uliopitishwa na kikao cha wazazi, wenye muhtasari, ukibarikiwa na halmashauri, ni halali, lakini ni wa hiari. Hela anayokusanya mwalimu darasani bila kikao si halali. Na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu hajatoa mchango hairuhusiwi kwa namna yoyote ile, hata kama wazazi wengine wote wametoa.

Niongeze jambo ambalo wazazi wenzangu hawapendi kulisikia. Vikao vya wazazi vinahudhuriwa na watu thelathini kwenye shule ya watoto elfu mbili, halafu waliobaki wanalalamika kwenye WhatsApp. Ukitaka kujua hela ya uji inakwenda wapi, nenda kwenye kikao omba mapato na matumizi yasomwe. Mapato ya ruzuku yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kama hayajabandikwa, uliza.

Nitaijuaje shule nzuri kabla sijamwandikisha mtoto?

Usianze na jengo. Wala usianze na matokeo ya darasa la saba, hayo tutayafikia.

Anza na daftari. Mtafute mtoto wa jirani anayesoma darasa la pili kwenye shule hiyo, mwambie akuletee daftari lake la Kiswahili. Mfungulie ukurasa wa wiki iliyopita, weka kidole kwenye sentensi ya katikati, mwambie asome. Kuna watoto wanaonakili ubao mzima kwa mwandiko wa kupendeza, ukurasa umejaa vyema vya kalamu nyekundu, na ukimwekea kidole katikati anaanza kukutajia sentensi ya juu kabisa, kwa sababu ndiyo aliyoishika kichwani darasa zima lilipokuwa likiimba. Huyo hasomi. Mwakani atakuwa la tatu, ambako anatarajiwa kusoma ili aelewe sayansi, na hapo anaanza kuachwa. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliletwa 2015 kwa darasa la kwanza na la pili kwa sababu hiyohiyo.

Kisha angalia tarehe. Mazoezi yako mara ngapi kwa wiki? Mwalimu akikosoa, mtoto ameandika masahihisho chini yake, au wamepita tu? Uwe na huruma hapa: mwalimu mwenye watoto 120, akitumia dakika moja kwa kila daftari, ni saa mbili kwa somo moja. Mwalimu wa namna hiyo akisahihisha mara mbili kwa wiki kwa uaminifu, mshike huyo.

Baada ya daftari, nenda shuleni siku ya kawaida, si siku ya mahafali. Fika saa nne asubuhi. Uliza vitu vichache: darasa la kwanza lina mikondo mingapi na kila mkondo una watoto wangapi? Nani anafundisha la kwanza, na amelifundisha miaka mingapi? Shule inayompa darasa la kwanza mwalimu wake bora ina mwalimu mkuu anayejua kazi. Zipo zinazompa mwalimu mgeni au anayekaribia kustaafu, na wale hodari wote wako la saba wakipiga "mitihani ya kujipima" hadi jioni.

Pita vyooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa hiyo shule yenye wasichana elfu moja inadaiwa matundu 50. Hutayakuta. Lakini angalia kama yaliyopo yana maji na milango ina komeo, hasa kama una binti wa darasa la tano kwenda juu. Choo kisicho na mlango kinamtoa msichana darasani siku kadhaa kila mwezi bila mtu yeyote kuandika popote kwamba ameacha shule.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanaonyesha shule ina ufaulu wa asilimia 90. Si inatosha?

Yafungue tena uyasome polepole. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Aliyepata kuanzia 121 ana daraja C na anahesabiwa amefaulu. Yaani mtoto anayekosa zaidi ya nusu ya maswali yumo ndani ya ile asilimia 90. Kwa hiyo hesabu A na B, achana na jumla. Halafu tazama somo kwa somo: Kiswahili huwa kinapandisha wastani, Hisabati na Kiingereza ndiyo vinavyokuonyesha hali ilivyo.

Angalia pia idadi ya watahiniwa. Shule ya watoto 40 na shule ya watoto 400 hazishindani. Na tazama miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja unaweza kubebwa na darasa moja lenye vichwa.

NECTA yenyewe iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023. Wengi walinung'unika. Mimi naona walifanya vizuri, ingawa watu bado wanajitengenezea orodha zao za kumi bora na kuzisambaza.

Walimu wa serikali wana sifa kweli?

Wana sifa, na kwa wastani wamesomea kazi hiyo kuliko wengi wanaofundisha shule binafsi za uchochoroni. Watu bado wana kumbukumbu ya walimu wa "vodafasta", wale waliopitishwa kwenye mafunzo ya haraka katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zilipofumuka. Hiyo ni zamani.

Tatizo la Dar ni mgawanyo. Mwalimu akipata uhamisho wa kuja mjini anataka shule iliyo karibu na barabara ya lami. Na sekondari za jiji zilijaa walimu wa historia na Kiswahili huku fizikia na hisabati zikikosa mtu, hadi 2017 serikali ikawateremsha walimu wa sanaa waliozidi kwenda kufundisha shule za msingi. Baadhi yao walikuja wakiwa wamenuna. Wengine wamekuwa walimu wazuri sana wa darasa la sita.

Nimpeleke Kayumba au English Medium?

Kama ada itakufanya ukope kila muhula, Kayumba. Mtoto anayehamishwa kila mara kwa sababu ya ada anapoteza zaidi kuliko aliyetulia kwenye shule ya kawaida.

Hofu ya wazazi ni Kiingereza, na ni hofu ya haki. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kimegeuka: baiolojia, jiografia, hisabati, vyote kwa Kiingereza. Shule huwapa wiki kadhaa za kozi ya kuwazoesha. Hazitoshi. Nimewaona watoto waliokuwa wanajibu maswali kwa kelele darasa la saba wakawa mabubu kidato cha kwanza, akili ikiwa ileile. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza badala ya la tatu. Ni nafuu, lakini nafuu hiyo inategemea mwalimu anayekizungumza, si kitabu. Ukiwa na senti ya ziada, iweke kwenye vitabu vya hadithi vya Kiingereza kuanzia darasa la tatu, kabla hujaiweka kwenye tuisheni ya jioni.

Zipo shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio na Diamond, zote Upanga, ndizo zinazojulikana zaidi. Zina ada, ingawa si ya shule binafsi, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Wahi mapema.

Mtoto amefaulu akapangiwa shule ya kata. Ndiyo basi?

Hapana. Wakali wachache huchukuliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Waliobaki wanapangiwa sekondari za kutwa za karibu, na nyingi ni zile zilizojengwa chini ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004, kila kata na shule yake. Zilianza bila maabara, bila maktaba, nyingine bila walimu wa kutaja. Matunda yake yalionekana kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipopata sifuri, na matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Ada ya kutwa wakati ule ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Sasa haipo, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 hata kidato cha tano na sita hakina ada.

Leo baadhi ya shule za kata za Dar zinafanya vizuri kuliko sekondari kongwe za mjini zinazoishi kwa jina. Lililobaki sugu ni hisabati: kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2023, ni kama robo tu ya watahiniwa nchi nzima waliofaulu somo hilo. Kabla ya kukubali au kuhangaikia uhamisho, uliza swali moja tu: kidato cha kwanza kina mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa, au ni wa kujitolea?

Makondakta wanawakataa wanafunzi. Tufanyeje?

Ukitaka kuona ubora wa elimu unapoanza kupotea, simama kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, konda anahesabu kiti, na sauti inatoka mlangoni: "Wanafunzi wawili tu, wawili!" Wawili wanadandia, ishirini wanabaki na mabegi yao. Anayefika saa mbili na nusu amekosa hisabati, kwa sababu hisabati hupangwa vipindi vya asubuhi, na juu yake anakutana na adhabu ya kuchelewa.

Kisheria konda hana ruhusa ya kumkataa. Chukua namba ya gari na uripoti LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, au kwa askari wa usalama barabarani. Lakini dawa yenyewe ni umbali. Shule ya wastani ambayo mtoto anaifikia kwa miguu ninaichagua mbele ya shule nzuri ya magari mawili.

Mwalimu anaruhusiwa kumchapa mtoto?

Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda asiwepo kabisa. Kuchapwa darasa zima kwa sababu ya mtihani kuko nje ya kanuni hizo.

Mwanangu ana ulemavu. Kuna shule?

Zipo, ila hazitoshi. Uhuru Mchanganyiko, karibu na Kariakoo, imepokea kwa miaka mingi watoto wasioona, viziwi-wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na wengine. Buguruni kuna shule ya viziwi. Nyingine zina vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, si kwenye geti la shule, maana getini utaambiwa nafasi zimejaa na utarudi nyumbani.

Binti alipata ujauzito akaacha. Anaweza kurudi?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mwalimu mkuu akikataa, nenda kwa afisa elimu kata.

Nasikia darasa la saba linafutwa. Itakuwaje?

Kwa mpango uliopo elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanamalizia la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliokuwa la nne wanamaliza la saba. Makundi mawili yanatoka pamoja na yote yanatakiwa kidato cha kwanza Januari 2028.

Kwa Dar, yenye kata ambazo tayari zina mikondo hadi ya herufi za mwisho, hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, au diwani akija kuomba kura, muulizeni madarasa mangapi ya kidato cha kwanza yamepangwa kwenye kata yenu, na yatajengwa wapi. Jibu liwe na idadi na jina la kiwanja.

Namhamisha kutoka shule binafsi. Nahitaji nini?

Namba ya PREM ya mtoto kwanza, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, maana uhamisho unapitia kwenye mfumo huo na bila namba hiyo hataingia kwenye orodha ya mtihani wa la nne wala la saba. Kuna shule binafsi zinazoishikilia hadi deni la ada liishe, kwa hiyo malizana nao mapema, au peleka suala kwa afisa elimu wa halmashauri. Pata nafasi kwa mwalimu mkuu wa shule unayokwenda kabla ya kuanza taratibu. Epuka kumhamisha katikati ya darasa la nne au la saba.

Nikiwa na malalamiko nianzie wapi?

Mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule (sekondari ni bodi ya shule). Ikishindikana, afisa elimu kata, halafu afisa elimu wa halmashauri. Suala la ufundishaji wenyewe unaweza kulifikisha kwa wathibiti ubora wa shule wa wilaya, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.